Kigari Kilichohema

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, tangu neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Najua mnanifahamu. Najua mmewahi kunisikia nikisema kwamba siku kamba ya lifti ilipokatika niliishusha kwa mkanda wa suruali yangu, ikiwa na wagonjwa wanane ndani, na kwamba lifti ilifika chini kabla ya suruali. Hilo simlazimishi mtu kuliamini. Lakini hili la kigari naliapia, na mashahidi wake bado wako hai na bado wananicheka.

Mimi ni mstaafu. Miaka thelathini na moja niliendesha lifti ya hospitali yetu, kazi ya kukaa juu ya kigoda na kubonyeza namba. Nimewapandisha watu wengi kuliko daktari yeyote wa pale, niliowashusha tusiwahesabu. Umeme sikuusomea darasani. Niliusomea kwa kuchungulia juu ya mabega ya mafundi, na siku ambazo mafundi hawakuja, niliusomea kwa kupigwa shoti. Nilipostaafu niliagwa Ijumaa, wakanipa saa ya ukutani, na Jumatatu asubuhi nilikuwa nimesharudi, nimekaa kwenye benchi nyuma ya stoo, nacheza drafti na Mpishi. Huyo ni mstaafu mwenzangu. Alikoroga uji wa wagonjwa kwa muda mrefu kiasi kwamba hata leo akikoroga sukari kwenye kikombe cha chai, anatumia mkono mzima mpaka begani.

Benchi letu limepakana na banda la kigari. Ni mahali pazuri: kuna kivuli cha ukuta, kuna redio, kuna feni ndogo ya kupuliza shingo. Umeme wa feni unatoka wapi, hilo tutalifikia.

Kigari chenyewe kilikuwa cha gofu. Klabu ya gofu iliponunua vipya, ikaipa hospitali kimoja cha zamani. Enzi zake kilibeba mabwana wenye fimbo wakifukuzia mpira mdogo majanini. Kwetu kilibeba wajawazito, wazee wa magoti na watu wa plasta, kutoka getini kupanda kilima mpaka wodi ya wazazi. Kilima hicho si mchezo. Nimeona watu wazima wakikipanda kwa miguu, wakifika juu wamesahau wanaumwa nini.

Dereva wake ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Tunamwita Rubani, kwa sababu ya miwani yake nyeusi na jinsi anavyokaa wima kwenye usukani. Kabla ya hapo alikuwa chumba cha kufulia miaka kumi na mmoja, ananyanyua mashuka yaliyolowa, mpaka mgongo ukakataa. Daktari alimwambia wazi kwamba mwaka mmoja zaidi wa mashuka, na hatanyooka tena. Kigari ndicho kilichomtoa kule.

Sasa Ijumaa moja mchana nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Rubani anakuja kwa miguu.

Viatu mkononi, miwani imepandishwa kwenye kipaji cha uso, jasho linamtiririka. Nilikuwa nimeshika kete hewani, tayari kula tatu za Mpishi kwa mpigo. Nikasahau kuzila.

"Shemeji," akasema, "kigari kimekufa."

"Kimekufa vipi?"

"Kimekufa kama watu wanavyokufa. Katikati ya kilima, na mama mjamzito ndani. Kimesema tak, halafu basi. Mama wa watu ameshuka na tumbo lake, ananiambia, 'Usijali dada, tutaonana juu.'"

Walinzi wanne walikuwa wanakileta nyuma yake, wanasukuma huku wanatukana kwa sauti ya chini. Wakakiingiza bandani. Kila siku Rubani akichomeka chaja, taa nyekundu inawaka na chaja inaanza kuvuma, ule mvumo mzito wa kitu kinachokula vizuri. Siku hiyo akachomeka. Kimya. Akachomoa, akaipuliza plagi, akachomeka tena. Kimya vilevile. Sote watatu tukaitazama ile taa kama tunasubiri mgonjwa afumbue macho.

"Na Jumatatu wageni wanakuja," Rubani akasema.

Hilo nililijua, lakini lilikuwa limenitoka akilini. Jumatatu saa nne asubuhi mkuu wa hospitali alikuwa analeta watu wa klabu kuja kuona kama kigari chao kina kazi. Wakikikuta hakina kazi, wanakichukua.

"Wakikichukua, mimi narudi kwenye mashuka. Mkuu ameniambia kwa mdomo wake. Nafasi nyingine hana."

Huyu ni mwanamke aliyezaa mapacha bila kuguna. Akaingia kwenye kigari kile kilichokufa, akashusha miwani, akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele kama yuko safarini. Halafu nikaona chozi linatokea chini ya miwani. Niliduwaa. Nawaambia siku ya kamba ya lifti sikushtuka vile.

"Niachie mimi," nikasema.

Mpishi akakohoa.

"Kuna yule fundi wa betri," Rubani akasema. "Tindikali."

"Fundi wa nini na mimi nipo? Nimeshika umeme kabla Tindikali hajajua kushika kijiko."

Rubani alipokwenda kunawa uso, niliingia nyuma ya kigari upesi, nikafanya kazi ya nusu dakika, nikatoka na kitu fulani mfukoni. Mtaniuliza ni kitu gani. Vumilieni.

Jumamosi asubuhi nilianza kutafuta ubovu rasmi, na spana tatu na kofia ya kazi. Nilianza na soketi ya ukutani. Nikachomeka pasi ya nyumbani, nikaigusa kuona kama imepata moto. Ilikuwa imepata. Nikafungua plagi ya chaja, fyuzi nzima. Nikaupapasa waya wake kutoka kichwani mpaka mkiani, hakuna palipokatika. Nikaja kwenye kigari. Ufunguo unazunguka vizuri. Kile kiswichi cha mbele na nyuma nikakipeleka mbele, nikakipeleka nyuma, nikakiacha katikati kipumzike. Ile tak ya jana nayo haipo. Nikakanyaga pedali mpaka Mpishi akaniuliza kama namshonea shati.

Nikalala chini ya kigari. Hapo ndipo panya alipotoka. Panya mkubwa, wa ukubwa wa mkoba wa daktari. Akanipita juu ya kifua, akanitazama, akaenda zake. Mpishi anadai alikuwa panya wa kawaida na kwamba mimi ndiye niliyepiga yowe. Mpishi macho yake yana mtoto wa jicho.

"Ndiye huyo," nikasema nikijifuta vumbi. "Amekata waya."

"Waya upi?" Rubani akauliza.

"Wa ndani."

"Umeuona?"

"Waya wa ndani hauonekani, shemeji. Ungeonekana ungekuwa wa nje."

Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimekagua kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Rubani alikuwa amesimama tu, mkono mmoja umeshika kiuno pale mgongo unapomuuma.

"Shemeji, mbona hufungui kiti?"

"Kiti hakina tatizo."

"Betri ziko chini ya kiti."

"Betri hazijawahi kumkosea mtu."

Akavua miwani. Akivua miwani huwa hakuna utani. "Nitazame. Mkono wako haumo humu?"

Nilipaswa kunyamaza. Lakini mimi kunyamaza sikujaliwa. "Shemeji yangu," nikasema, "ukikuta mkono wangu humo, nitakisukuma kigari hiki mwenyewe, kutoka getini mpaka wodi ya wazazi, na abiria ndani."

"Mpishi, umesikia?"

"Nimesikia," Mpishi akasema. "Kwa masikio yote mawili, hata lile bovu."

Akachukua simu akampigia Tindikali.

Tindikali ni mtu ambaye suruali yake ina matundu mengi kuliko kitambaa, kwa sababu ya ile kazi yake. Maneno anayatoa kwa kubana, utadhani anayanunua. Alikuja na ndoo, kitambaa, mita ndogo ya njano na kipande cha chaki nyuma ya sikio. Hakunisalimia kama fundi mwenzake. Alishika kiti kwa mikono miwili, akakinyanyua, akakiegemeza pembeni.

Betri sita zilikuwa zimepangwa chini pale, bega kwa bega, zimeunganishwa kwa nyaya nene fupi. Akazifuta vumbi. Akagusa ya kwanza kwa sindano mbili za mita, akasoma, akaandika juu yake kwa chaki: 6.2. Akaja ya pili: 6.2.

Mimi nikatia mkono mfukoni.

Akaja ya tatu. Akasoma, akakunja uso, akagusa tena. Akaandika: 1.9. Ya nne: 1.8. Ya tano: 6.2. Ya sita: 6.1.

Tukazitazama zile namba. Hata Mpishi ambaye hesabu zake zote ni za vikombe vya unga aliona. Wanne wazima, wawili maiti, na maiti wamelala katikati.

"Panya hali betri mbili," Rubani akasema polepole.

Tindikali akafungua vizibo vya hizo mbili, akamulika ndani. Maji yalikuwa yamekauka mpaka sahani zinaonekana, zimepauka kama midomo ya mtu mwenye homa. "Zimenyonywa," akasema.

"Na chaja je? Imeharibika?"

"Nzima. Kabla ya kutoa moto, inaonja kwanza. Ikikuta moto ulio ndani umeshuka sana, inadhani hakuna betri. Inakaa kimya." Nadhani hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizotoa mwaka huo. Halafu akainama, akapitisha kidole gumba juu ya kichwa cha betri ya tatu. Akapitisha kwenye kichwa cha nne. Risasi ya betri ni laini, ukiibana inabaki na alama. "Meno," akasema. "Ya zamani na mapya. Nani hapa ana vibanio vya meno?"

Nikasikia saa ya mkononi ya Rubani inavyotembea.

"Kama vile vya feni yetu?" Mpishi akauliza.

Sikuamini. Mtu nimekula naye, nimemfunga drafti mara elfu tatu, na hata hakujua anachokisema. Aliendelea, kwa roho safi kabisa. "Maana feni yenyewe tangu Jumatano ilikuwa inazunguka kwa kusuasua. Na redio inakoroma. Nikadhani ni joto."

"Shemeji," Rubani akasema. "Toa mkono mfukoni."

Nilitaka kuutoa bila kitu. Lakini nilikuwa nimeufinya mfuko kwa woga muda wote ule, na kibanio kimoja kilikuwa kimeshaning'ata kidole cha shahada. Mkono ukatoka nacho, kinaning'inia, na waya mwekundu nyuma yake, na mwenzake mweusi anafuata mwisho wa waya. Nilisimama pale kama mtu aliyevua samaki asiyemtaka.

Kwa hiyo ndiyo, umeme wa feni ulitoka hapo. Kila mchana Rubani anapokwenda kula na kupumzisha mgongo, mimi nabana vibanio kupitia upenyo wa nyuma ya kiti, kwenye betri ya tatu na ya nne, tunapata redio na upepo, kisha waya nauficha hapohapo nyuma ya kiti. Miezi mitano. Na niseme kitu ambacho hakuna aliyetaka kukisikiliza siku ile: nilifanya kwa haki. Nilipiga hesabu. Betri sita. Mimi natumia mbili, zilezile kila siku, sigusi nyingine. Shemeji anabaki na nne nzima za kwake. Kuna mwizi gani anagawa hivyo?

Niliyasema hayo kwa sauti. Tindikali akanitazama kwa muda mrefu, kwanza usoni, halafu kwenye kofia ya kazi.

"Zimefungwa mnyororo," akasema. "Moto wa moja unapita kwa zote. Wawili wakizimia, hakuna anayepita."

Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa kweli. Siyo la kukamatwa, kukamatwa nimezoea. Nilizitazama zile nyaya nene fupi zinazotoka betri hii kwenda hii, moja baada ya nyingine, na nikaona jambo lenyewe liko wazi kama mchana, lilikuwa wazi miezi yote ile, na mimi nilikuwa nalipitishia mkono juu yake kila siku nikitafuta pa kubana. Miaka thelathini na moja ya lifti. Nikakaa juu ya ndoo ya Tindikali.

"Shemeji, sikujua," nikasema. Na hiyo ilikuwa kweli bila chumvi.

Rubani hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Nilikuwa nakwenda kula," akasema, "na wewe unakula huku."

Tindikali alikuwa nazo karakana betri mbili zilizotumika, umri sawa na hizi, bado zina nguvu. Lakini zilihitaji kunywa moto siku mbili. Zingefika Jumatatu jioni. Wageni walikuwa wanafika Jumatatu saa nne asubuhi.

"Utataka nini kwa hizo?" Rubani akamuuliza.

Tindikali akageuka, akaitazama feni. Halafu akaitazama redio.

"Na redio?" Mpishi akasema.

"Na redio," Rubani akasema.

Jumatatu saa nne kasoro nilikuwa getini, nimevaa raba. Mke wangu alishasikia yote tangu Jumamosi jioni na alikuwa amesimama juu kabisa ya kilima, mlangoni pa wodi ya wazazi, na glasi ya maji. Nilimshukuru moyoni, mpaka alipoinua glasi akanywa mwenyewe.

Rubani alikuwa kwenye usukani, wima, miwani usoni. Abiria alikuwa bibi mmoja wa magoti, mnene kidogo. Sisemi zaidi, ila kigari kilipompokea kililia. Mimi nikainama nyuma, pale mabwana wa gofu walipokuwa wanafunga mifuko yao ya fimbo, nikaegemeza bega. Tukaondoka.

Robo ya kwanza ya kilima ilikwenda. Nusu ilikwenda kwa shida. Hapo nikasikia viatu vizuri vinashuka kuja upande wetu, na sauti ya mkuu wa hospitali akieleza jinsi kigari kinavyosaidia wagonjwa.

"Kimya kabisa," mgeni mmoja akasema. "Chetu cha zamani, na bado kimya hivi."

"Ni kimya," mgeni wa pili akasema. Akasita. "Ila mbona kinahema?"

Wakasimama. Nilijaribu kuzuia pumzi. Ikatoka puani, kwa filimbi.

"Hata mimi nimekisikia," bibi akasema kutoka kitini. "Tangu getini. Kinahema kama marehemu mume wangu."

Mkuu wa hospitali akazunguka nyuma. Macho yetu yakakutana, yake juu, yangu karibu na gurudumu.

"Wewe si yule wa lifti?"

"Ndiye, mkuu."

"Unafanya nini huko?"

"Napandisha watu, mkuu. Nimezoea."

Rubani akakaza breki, akashuka. Nilidhani atatunga kitu. Mimi ningetunga, tena nilikuwa nacho tayari, kilikuwa na panya. Yeye akavua miwani akasimama mbele yao na kusema kama ilivyo: betri mbili zimekufa Ijumaa, mbili zinakuja leo jioni, kigari hakina kosa, aliyeziua ndiye huyo anayesukuma. Mkono wake ulikuwa umerudi kiunoni. Wageni wakatazamana, na nikaona wanachokitazama: gari lao, limekufa, na kikongwe nyuma yake. Nikajua shemeji anarudi kwenye mashuka, na nimempeleka mimi.

"Sasa tunakwenda au hatwendi?" bibi akauliza.

"Bibi, subiri kidogo," mkuu akasema.

"Nimeshasubiri. Ijumaa nilifika getini nikaambiwa kigari kimekufa. Kilima hiki magoti yangu hayakiwezi, nikarudi nyumbani. Jumamosi nikaja, nikarudi. Jana nikaja, nikarudi. Kitukuu changu kimezaliwa huko juu, kina siku tatu, sijakiona. Leo nimeambiwa kuna mzee atasukuma. Mimi hata angesukuma mbuzi, nakwenda."

Mgeni wa kwanza akakitazama kilima mpaka juu. Halafu akamtazama bibi, akatazama magoti yake. Akamnong'oneza mwenzake kitu, yule akatikisa kichwa kukubali.

"Kibaki," akamwambia mkuu. "Na dereva wake abaki nacho."

Rubani alishika nguzo ya paa. Sikumwona vizuri usoni, nilikuwa chini, lakini niliona visigino vyake vimetulia.

"Na huyu?" mkuu akauliza, akininyooshea kalamu. Nikaanza kujinyoosha mgongo. Nilifikiri jambo limekwisha, tumepeana mikono, kila mtu nyumbani kwake.

"Huyu alikula kiapo mpaka wodi ya wazazi, mkuu," Rubani akasema, akirudi kitini. "Bado hatujafika."

Akashusha miwani. Akaachia breki, na kigari chote, na bibi wake, kikanirudia kifuani.

"Twende, shemeji," akasema.

Nikainama, nikasukuma.